Jirani Mwema Hutukana

Shangazi aliamua kwamba Shija, mdogo wa rafiki yangu Nkwimba, anaweza kusubiri mpaka kesho saa sita mchana, na aliutangaza uamuzi huo kwenye kipaza sauti cha bwalo wakati sisi tukichambua maharage.

"Uamuzi wa saa saba mchana," alisema kwa ile sauti yake ya mtu anayekukabidhi mwavuli. "Punda ana chaji ya safari moja. Ataenda Kibwege kuwatoa wasioweza kutembea. Mwagala itapelekewa dripu kesho, saa sita mchana. Asanteni kwa ushirikiano."

Nkwimba aliweka ungo chini taratibu, kama vile una usingizi.

"Kesho," alisema.

"Amesema saa sita," nikasema mimi, ambaye katika dakika za huzuni huwa sina msaada wowote.

"Kalista, baba amesema Shija hana mkojo tangu asubuhi. Macho yameingia ndani. Kesho saa sita watampelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Hii ilikuwa ajabu, kwa sababu katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Lukwembe mimi nilikuwa na jibu la kila kitu, na majibu hayo yalikuwa yamenipatia adhabu za kutosha kufyeka uwanja wa mpira mara mbili. Hata wiki ile nilikuwa na zamu ya mtambo kwa adhabu. Nilikuwa nimemshawishi Shangazi aite majina ya gwaride kwa sauti ya Mkuu wa Shule, na shule nzima, pamoja na Mkuu wa Shule mwenyewe, ikasimama mistarini saa kumi alfajiri.

Jina lake halisi limeandikwa kwenye kibao cha shaba: Mtambo wa Ugavi wa Dharura. Tulimwita Shangazi kwa sababu ukimwambia unakwenda dukani kununua chumvi, atakufungashia sweta, dawa ya kuhara na sanda. Shangazi haulizi kesho itakuwaje. Anaziwaza kesho elfu kumi kwa mpigo: kesho ya mvua, kesho ya jua, kesho ambayo daraja limeondoka, kesho ambayo mwenye ufunguo wa ghala amelewa. Halafu anachagua mpango ambao, hata ikitokea ile kesho mbovu kuliko zote, kilio kitakuwa kidogo kuliko ambavyo kingekuwa kwa mpango mwingine wowote. Mwalimu Ludigija, wa hesabu, alitufundisha jambo hilo kwa vipindi vitatu na akaishia kujifuta machozi kwa furaha. Sisi tulielewa kwamba Shangazi ni mwoga, na kwamba uoga wake una mahesabu.

Siku ile Mwalimu Ludigija alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa akitetemeka kwa malaria. Barabara ilikuwa imekatika. Wasichana thelathini na nane wa Kidato cha Tatu ambao hatukuwahi kuondoka kabla ya mafuriko ndio tuliobaki juu ya kilima chetu, pamoja na ghala la dripu, Dada Mkuu Edista, na ndege moja ya mizigo isiyo na rubani tuliyoiita Punda, ambayo ilikuwa imekaa siku tatu nzima ikisubiri jua liichaji kama sisi tulivyokuwa tukisubiri nyama.

Nilimshika Nkwimba mkono. Tukaacha maharage yajichambue.

*

Mtambo ulikaa katika maabara ya fizikia, kati ya mifupa ya plastiki ya walimu wa biolojia waliokosa kabati na meza yenye jina langu lililochongwa na mtu asiyejulikana.

"Karibuni," alisema Shangazi. "Naona mmekuja bila sweta."

"Shangazi, kwa nini Kibwege?" niliuliza. Swali hilo lilinikera hata mimi mwenyewe, kwa sababu Kibwege ni kwetu. Bibi yangu Tekla, aliyenilea, alikuwa kule kwenye mteremko na goti lake bovu, akiwa mmoja wa watu tisa wasioweza kutembea. Juu ya nyumba zao ardhi ilikuwa imepasuka ufa ambao unaweza kupitisha ndama. Vijana wote walikuwa wameshuka tambarare kuziba tuta la mto, na maji yakawafungia huko huko. Kwa hiyo nilikuwa nauliza, kwa heshima zote, kwa nini bibi yangu aokolewe.

"Kwa sababu Kibwege ina shaka nyingi," alisema Shangazi. "Katika kesho mia nne kati ya elfu kumi, mlima unashuka kabla ya usiku. Mwagala haina shaka. Najua wagonjwa ni kumi na mmoja. Najua chumvi na sukari waliyonayo. Nimekadiria wanaweza kufika kesho saa sita."

"Baba yangu yuko pale!" Nkwimba alisema. "Anamwona kwa macho yake! Amekuambia kwenye redio mara ngapi?"

"Mara sita. Lakini Mzee Masanja ni mkazi wa Mwagala, na kijiji hakijisemei. Jirani ndiye shahidi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kuu. Waliomtengeneza Shangazi walikuwa wamegundua siri ya binadamu: ukimuuliza ana njaa kiasi gani, anajumlisha na ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo wakaamua kwamba hali ya kijiji itaelezwa na kijiji cha jirani, ambacho hakina cha kupata kwa kukuza mambo. Sheria ilijaribiwa katika nchi tatu za mbali, na majirani wa huko wakasemeana kwa adabu, kwa takwimu. Halafu ikaletwa kwetu, ambako Kibwege ni Waluguru na Mwagala ni Wasukuma, na hao ni watani tangu enzi za misafara ya miguu.

Wiki iliyopita, mafuriko yalipoanza, Shangazi alimwita Bibi Tekla kwenye redio, akamuuliza hali ya Mwagala. Bwalo zima tulisikia.

"Mwagala?" Bibi alisema. "Hao wana raha ya kupindukia. Ng'ombe wamelala kitandani na wake zao wamelala zizini, kama kawaida yao. Wapelekeeni majani, na muwaambie wasigombanie."

Mzee Masanja alipoulizwa kuhusu Kibwege, akajibu bila kupepesa: "Waacheni huko huko. Mluguru ana mguu mmoja mfupi kwa kulima ukingoni. Mkimleta tambarare ataanguka atusumbue kumwinua."

Sisi tulicheka mpaka uji ukatupitia puani. Shangazi hakucheka. Shangazi alisema, "Shahidi ana dharau. Shaka imeongezeka." Katika akili yake ya ugenini, mtu anayemdhihaki jirani aliyezama ana nia mbaya, na mtu mwenye nia mbaya huficha ukubwa wa shida. Kwa hiyo akapanua shaka, kesho mbovu ikawa mbovu zaidi, na kila upande ukapelekewa unga mara mbili ya uliostahili. Siku ya tatu Bibi alitukana, yakaja mablanketi. Siku ya nne Masanja alitukana, ikaja sabuni. Hakuna aliyepanga. Watu walikuwa wanafarijiana tu kama walivyofunzwa na wazazi wao, na mtambo wa serikali ukawa unalipia.

"Shangazi," nilisema, "asubuhi ya leo bibi yangu alitoa ushahidi gani kuhusu Mwagala?"

Aliupiga ule ushahidi tuusikie. Mwanzoni sikuitambua sauti.

"Mwanangu," Bibi alisema, na alikuwa akilia. "Nimesikia watoto wanaharisha kule. Nimesikia na Shija wa Masanja. Wapelekeeni dawa, jamani. Ni kumi na mmoja, Masanja ameniambia mwenyewe, amewahesabu mmoja mmoja. Ni watu wema wale. Ni watu wema sana."

"Shahidi mkweli," alisema Shangazi kwa kuridhika. "Idadi kamili, hakuna dharau. Shaka ilishuka karibu na sifuri."

Nkwimba alinitazama. Mimi nilimtazama. Maisha yangu yote bibi yangu hakuwahi kumwambia Msukuma neno jema. Babu yake Nkwimba alipofariki, Bibi aliingia kaburini na viatu, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakacheka huku wakilia. Leo kwa mara ya kwanza alikuwa amepatwa na huruma ya wazi, na huruma hiyo ilikuwa inamuua mtoto.

Nilijaribu kuuelewa mwili wa jambo hilo, nikashindwa kupata kichwa chake.

*

"Basi nitatoa ushahidi mimi," nilisema. "Mimi ni mkazi wa Kibwege. Nina miaka kumi na sita. Sauti yangu umeiandikisha."

"Mara nyingi kuliko nilivyohitaji," alisema Shangazi. "Sema."

Nilivuta pumzi. Ninajivunia kusema kwamba katika fani ya matusi ya utani mimi ni mwanafunzi wa bibi yangu. Lakini Nkwimba alikuwa amesimama pale pembeni, mikono kifuani, na mtoto niliyetakiwa kumtukana nilikuwa nimembeba mgongoni likizo iliyopita. Alikuwa amenikojolea.

"Mwagala hawana ugonjwa," nilisema. "Wanaharisha kwa ulafi. Msukuma akiona ugali mkubwa kama kichuguu anafikiri ni mtoto wake, anaukumbatia. Na huyo Shija, huyo... kichwa chake kikubwa kama debe, dripu itaanza kuzunguka huko juu na isipate njia ya kushuka. Msimpe kitu."

Sauti yangu ilikatika kwenye neno debe. Nkwimba aliangalia sakafu.

"Dharau imetambuliwa," alisema Shangazi. "Shaka ya Mwagala imepanda. Ninawaza upya." Taa zake zilicheza. "Nimemaliza. Punda anakwenda Kibwege."

"Bado?"

"Kesho mbovu ya Mwagala sasa ni nzito. Lakini kesho mbovu ya Kibwege ni mlima. Mlima ni mzito kidogo zaidi. Shaka ya Kibwege ikishuka, nitabadilisha."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena kunyunyiza kwenye bati.

Ninaomba msomaji aione hali ilivyokuwa. Shahidi wa Kibwege ni mkazi wa Mwagala. Mkazi wa Mwagala aliyekuwepo ni Nkwimba. Alichotakiwa kufanya ni kitu kidogo sana: asogee kwenye kipaza sauti na aseme vizuri. Aseme kwa adabu na idadi kamili kwamba Kibwege wako tisa, kwamba mlima umetulia, kwamba ni watu wema. Kwa maneno kumi ya heshima angemwokoa mdogo wake na kumwacha bibi yangu chini ya ufa.

Alijua. Nilijua kwamba anajua. Na mimi, ambaye nilikuwa nimefungua mlango huo kwa mkono wangu, sikujua kama nilitaka auingie au ausukume ufungike. Nilitaka vyote viwili kwa nguvu sawasawa, jambo ambalo Mwalimu Ludigija angesema haliwezekani kihesabu.

Nkwimba alisogea kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni Nkwimba Masanja, wa Mwagala," alisema. Akameza mate. "Kuhusu Kibwege."

"Sema, shahidi."

"Kibwege..." Alifumba macho. "Kibwege hawana shida yoyote. Mlima ukishuka watateremka nao wakiwa wamekaa, ndiyo usafiri wao. Kila Mluguru amejifunga kamba kiunoni asianguke shambani kwake, kwa hiyo vuteni tu kamba. Na Bibi Tekla mwacheni. Mdomo wake mrefu kuliko mlima, utafika chini kabla yake na kumdaka."

"Dharau imetambuliwa," alisema Shangazi. "Shaka ya Kibwege imepanda. Uamuzi unabaki."

Nkwimba alirudi nyuma akakaa kwenye stuli ya maabara.

"Mbona umefanya hivyo?" nilipiga kelele. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nini. "We Msukuma, una akili? Ungesema vizuri tu!"

"Sikuweza."

"Hukuweza nini? Maneno kumi!"

"Kumsifia bibi yako ni kumuua, Kalista. Wewe ungeweza kumsifia Shija?"

Hapo ndipo kitu kilipogeuka kichwani mwangu. Sikukipanga. Mizaha yangu yote mikubwa imekuja hivyo: naona mlango ambao hakuna aliyeufunga kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mwenye akili timamu atapita.

"Shangazi," nilisema. "Kijiji hakijisemei kwa sababu kila mtu hukuza shida ya kwao. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mtu akija akaipunguza shida ya kwao?"

Taa za Shangazi zilisimama. Katika miezi yote niliyomchokoza sikuwahi kuziona zimesimama.

"Rudia," alisema.

"Mkazi wa Kibwege akisema Kibwege hawahitaji Punda. Huyo anapata faida gani kwa kudanganya?"

"Hakuna faida," alisema Shangazi polepole. "Sheria haikutaja jambo hilo. Haijawahi kutokea. Ushahidi wa mtu dhidi ya haja yake mwenyewe ungekuwa na uzito kuliko wa jirani."

"Kalista," alisema Nkwimba. "Usifanye."

Nilikuwa tayari kwenye kipaza sauti. Nilitumia sauti yangu ya kusoma risala mbele ya mgeni rasmi, ile yenye wino.

"Mimi ni Kalista Mkude, wa Kibwege, mjukuu wa Tekla Mkude asiyeweza kutembea. Natamka kwamba watu tisa wa Kibwege hawahitaji ndege. Wanao wabebaji thelathini na sita, wenye nguvu na machela. Watakuwa wametoka kwenye mteremko kabla ya giza."

"Wabebaji hao wako wapi?"

"Njiani."

"Una uhakika?"

Mkuu wa Shule aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, na walimu, na matroni akiwa ameshika chupi yenye chura. Kila mara nilijibu haraka. Safari hii niliuona uso wa Bibi, na mlima ukiwa nyuma yake, na kesho mia nne zimepanga foleni.

"Nina uhakika," nilisema.

"Shaka ya Kibwege imeshuka," alisema Shangazi. "Punda anapakiwa dripu. Anakwenda Mwagala."

*

Nilipiga kengele ya bwalo mpaka mkono ukafa ganzi. Walikuja wote, wengine na vijiko.

"Waheshimiwa," nilisema nikiwa juu ya benchi. "Nimeudanganya mtambo wa serikali."

"Hiyo si habari," alisema Dada Mkuu Edista. Ni msichana mrefu, mkali, ambaye tangu Kidato cha Kwanza alikuwa akisubiri siku ya kunifikisha kwenye bodi. "Umefanya nini tena?"

"Nimesema Kibwege kuna wabebaji thelathini na sita. Hawapo. Kwa hiyo inabidi tukawe sisi. Ni mwendo wa saa moja na nusu kupanda, na mvua inarudi, na mlima una ufa. Tusipokwenda, nimemuua bibi yangu na watu wanane, kwa mdomo."

Nilitarajia kelele. Badala yake Edista akaniangalia kwa namna ambayo sikuizoea, kama vile mimi ni hesabu ambayo jibu lake la nyuma ya kitabu limekosewa.

"Na kama mlima ukishuka tukiwa kule?" aliuliza.

"Sijui."

"Ulimwambia Shangazi unajua?"

"Nilimwambia nina uhakika."

"Mungu wangu," alisema Edista. Akavua miwani, akaifuta kwa sketi, akaivaa. "Asiyetaka abaki, hakuna adhabu. Wengine, mablanketi mawili mawili. Mipini ya majembe iko stoo, Kalista anajua ilipo, amelala nayo zaidi ya kitanda chake. Tunafunga machela. Nani ana kamba?"

Walibaki watatu, mmoja kwa sababu alikuwa na pumu na wawili kwa sababu waliogopa, na hao wawili walilia wakatufungia machela kwa mafundo mazuri kuliko yetu. Tulipotoka getini, Punda alipita juu ya vichwa vyetu akielekea tambarare, amejaa, akinguruma. Nkwimba hakuinua uso kumtazama. Alikuwa ameshika mpini wa mbele wa machela yetu na tayari anapanda.

"Ungebaki kwenye redio," nilimwambia. "Ungesikia habari za kwenu."

"Nikibaki watakuwa thelathini na tano," alisema. "Ulisema thelathini na sita."

*

Njia ya Kibwege si ya watu wa tambarare. Ni ngazi za udongo mwekundu kati ya migomba na mashamba yaliyoning'inia, na siku ile kila ngazi ilikuwa mto mdogo. Tuliteleza, tukainuka, tukaimba nyimbo za gwaride mpaka pumzi zikaisha. Sikuacha kuusikiliza mlima. Kila jiwe lililobingirika nililihesabu kuwa kesho mojawapo kati ya zile mia nne. Nilijaribu kukumbuka kama nimefanya jambo jema au nimefanya ujinga wa kupindukia, na kila nilipofikia jibu, jibu liligeuka na kuwa lile lingine.

Ufa tuliuona kabla ya nyumba. Hauna haja ya kuelezwa. Ulikuwa umefunguka zaidi, na ndani yake maji yalikuwa yakinong'ona.

Wale tisa walikuwa wamekusanywa kwenye kibaraza cha nyumba ya Bibi na wanawake wawili waliokataa kuwaacha. Walipotuona tunatoka kwenye mvua, wasichana wenye sare zilizotapakaa matope na mipini ya majembe mabegani, mzee mmoja alipiga ishara ya msalaba.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba, mke mwenzangu." Bibi Tekla alinitazama juu mpaka chini. "Ndege iko wapi? Redio ilisema inakuja ndege."

"Nimeipeleka Mwagala, Bibi."

Mvua ilimdondokea kwenye ncha ya kilemba. Halafu akauliza polepole, "Nilisema vibaya asubuhi? Nilimwambia yule mama wa redio awapelekee. Nilimwomba. Nilisema nini kibaya?"

"Hukusema kibaya, Bibi. Ndiyo shida yenyewe."

"Sielewi."

"Hata mimi."

Tuliwafunga kwenye machela, wabebaji wawili mbele na wawili nyuma kwa kila moja, tukaanza kushuka. Bibi alikuwa wa mwisho kwa sababu alikataa kutangulia kuiacha mali yake. Mimi na Nkwimba tulikuwa mbele, Edista na msichana mwingine nyuma. Tulikuwa tumefika chini ya shamba la migomba, bado ndani ya mteremko, wakati redio ndogo kiunoni mwangu ilipokohoa.

"Shahidi Kalista," alisema Shangazi. "Punda ametua Mwagala. Dripu zimeshushwa."

Nkwimba alisimama. Machela ikayumba.

"Shija yukoje?" nilipaza sauti. "Shija Masanja!"

"Wagonjwa kumi na mmoja wamefikiwa. Hali ya kila mmoja haijulikani. Mawasiliano ya Mwagala yamekatika kwa sababu ya radi." Akatulia kidogo. "Ninahitaji kufunga ushahidi wako. Ulisema wabebaji thelathini na sita. Je, umethibitika?"

Nilitazama chini ya njia. Machela nane zilikuwa zikishuka kwenye matope moja baada ya nyingine, zikiyumba, na watu wakilalamika juu yake. Nyuma yangu mlima ulikuwa ukinong'ona.

"Bado, Shangazi," nilisema. "Uko njiani."

Nikazima redio. Tulitakiwa kutembea, lakini Nkwimba alikuwa hajasogea.

"Mwanangu," Bibi alisema kutoka kwenye machela, kwa ile sauti ya asubuhi, laini, ya kilio. "Mwanangu Nkwimba. Pole sana, mama."

"Usiniambie pole, Bibi," alisema Nkwimba bila kugeuka. "Nitukane."

"Mtoto yuko mahututi. Nitakutukanaje?"

"Babu alipokufa ulitutukana. Ulilala kaburini. Hujawahi kunyamaza, Bibi, hata siku moja. Ukinionea huruma naona kama..." Hakumaliza. "Nitukane tu. Tafadhali."

Mvua ilianguka. Edista, nyuma, alisema kwa sauti ndogo, "Tutembee, jamani, tutembee." Nilimsikia Bibi akivuta pumzi mara moja, mara mbili. Nilidhani hataweza.

"Ndiyo maana machela inayumba," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa inatetemeka kuliko machela yenyewe. "Mbele amewekwa Msukuma. Anasubiri apigwe fimbo ya kiuno kama fahali ndipo avute. Na huyo mdogo wako mwenye kichwa cha debe, mwambieni asijifanye mgonjwa, ana kuku wangu mmoja aliyemla sikukuu, nakuja kumdai mwenyewe na goti langu hili. Haya! Vuta, ng'ombe we! Unangoja majani?"

Mabega ya Nkwimba yalitikisika. Sikuweza kuona uso wake, wala kujua kama analia au anacheka, na sikuuliza. Aliinua mpini mpaka begani, akaweka mguu kwenye ngazi iliyofuata, na tukashuka.